Namba Arobaini na Saba

Salamu zenu nimezipata. Kuna msomaji aliyeniandikia kwamba tangu wiki iliyopita anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwingine ameniuliza mimi ni mtu wa namna gani, kumwacha baba wa watu amepiga goti juu ya kifo siku saba nzima. Poleni. Goti lenyewe bado liko pale pale, kwa hiyo tusipoteze wakati.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limekwisha kupanda, katika ile bustani kongwe ya mji. Baba Chiriku, karani wa maktaba aliye likizoni, alikuwa amepiga goti la kulia kwenye nyasi karibu na bembea za watoto, mwiko wa kuchimbia mkononi. Udongo chini ya goti lake ulikuwa umetitia ghafla, na kitu huko chini kikasema tik.

Mkewe, fundi redio, alikuwa hatua tatu nyuma yake, ameshika ile mashine ya kutafutia vyuma, hedifoni zimening'inia shingoni. Naye aliisikia.

"Usinyanyuke," alisema.

"Sinyanyuki."

"Hata kidogo, Baba Chiriku."

"Mguu umeanza kufa ganzi."

"Ufe tu. Bora ufe mguu peke yake."

Kwa wale mnaojiunga nasi leo, watu hawa si wezi wa usiku. Walikuwa na barua ya ruhusa yenye muhuri. Bustani inatimiza miaka mia moja, na msimamizi wake aliwaomba watafute vitu vya kale vilivyolala chini ya nyasi, vipangwe kwenye kile kibanda cha zamani cha kukatia tiketi, wageni wavione. Kwa miezi miwili walikuwa wamefukua vifungo vya shaba, filimbi za walinzi, funguo zisizo na milango na sarafu zenye tundu katikati. Ilikuwa kazi ya raha, ya kwenda na chai kwenye chupa.

Raha hiyo iliisha Ijumaa, pale mtunza maua alipowaambia, hana hili wala lile, kwamba enzi za vita wanajeshi walipiga kambi humo, na siku ya kuondoka walifukia mizigo waliyoshindwa kuibeba. Mizigo gani, hakujua. Sasa mtunza maua huyo huyo ndiye aliyekimbia kupiga simu polisi, na Mama Chiriku alikuwa amesimama akimtazama mumewe kisogoni, asijue kama amsogelee au arudi nyuma. Alisogea. Akamwekea mkono begani.

"Rudi nyuma, una mtoto," mume alisema.

"Na wewe una nini, paka?"

Dakika ishirini na tano zilipita hivyo. Ukitaka kujua urefu wake, piga goti sasa hivi sebuleni kwako.

Hatimaye gari la polisi likaingia bustanini na akashuka Sajini wa kikosi cha mabomu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayenyonya peremende, na mkononi alikuwa na mfuko wa nguo tu. Alilala kifudifudi kwenye nyasi kando ya goti la Baba Chiriku bila hata kusalimia, akatoa mfukoni kijiko cha mbao na brashi ya rangi.

"Kaka yangu, una uzito gani?"

"Kilo themanini na tatu, Afande."

"Nimeona wengi wanapunguza wakiulizwa. Vizuri umesema kweli. Usicheke, usikohoe."

Alianza kukwangua udongo kidogo kidogo. Peremende ilikuwa inagonga meno yake, na kwa Mama Chiriku kila mgongano wa peremende ulikuwa mwisho wa dunia. Kijiko kikagota kwenye kitu. Sajini akakisugua kwa brashi, akasogeza uso karibu zaidi, akanusa.

"Nyanyuka," alisema.

"Afande?"

"Nyanyuka, unalibonyeza kopo la watu."

Hakunyanyuka. Ilibidi mkewe na dereva wa polisi wamshike makwapani wamvute, maana mguu ulikuwa gogo. Chini yake lilikuwepo kopo la bati, la kutu, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimebonyea chini ya zile kilo themanini na tatu. Ile ndiyo tik. Sajini alilifungua kwa kijiko, na ndani zikang'aa gololi za kioo, za kijani, za bluu, na moja nyeupe kubwa. Kuna mtoto wa zamani alizificha hapo na hakurudi kuzichukua.

Baba Chiriku alicheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi peke yake. Mkewe alikaa chini kwenye nyasi. Mimi ninayewasimulia ningependa kuishia hapa, mkajinyoosha mkaenda zenu. Lakini Sajini ni mtu wa serikali na mtu wa serikali lazima aandike.

"Nipeni orodha ya vyote mlivyotoa humu," alisema, akitia peremende nyingine mdomoni. "Ni utaratibu tu, niandike ripoti nirudi."

Mama Chiriku alimpa daftari. Alilipenda daftari lile. Kila kitu kilikuwa na namba, mahali kilipotoka, maelezo, na mwisho kabisa safu nyembamba iliyoandikwa CHECHE.

"Cheche ndiyo, cheche hapana," Sajini alisoma. "Hii ni nini?"

"Kuna fundi wa kuchomelea nyuma ya nyumba yetu, Afande. Kitu kikitoka na kutu nyingi huwezi kujua ni madini gani. Anakigusa kidogo pembeni kwa grenda. Kikiwa chuma kinarusha cheche. Kikiwa shaba hakirushi hata moja. Binti yangu ndiye mtangazaji. Anasimama pale anapaza sauti, mimi naandika nikiwa dirishani kwangu."

"Ana umri gani?"

"Mitano. Ndiyo maana tunamwita Chiriku, mdomo haupumziki. Leo hakwenda chekechea, ana mafua, yuko na bibi yake."

"Kumbe nyinyi ni wataalamu," Sajini alisema, akifunua ukurasa. "Arobaini na tano, kifungo cha shaba. Arobaini na sita, bawaba ya lango. Arobaini na saba, pampu ndogo, alama ya kuuliza. Mwili chuma, kichwa shaba. Urefu kiganja na vidole viwili. Mkiani mabaki ya mabati manne."

Peremende ilinyamaza.

"Cheche, bado," alimalizia polepole. "Dada, hebu nichoree hii pampu."

Mama Chiriku alichora pembeni mwa ukurasa. Kitu kifupi, kinene tumboni, kimechongoka upande mmoja, na upande wa pili kina kijimkia. Alikuwa anachora huku anaeleza kwamba kilitoka hapo hapo karibu na bembea Jumatano iliyopita, kwamba mashine ililia kidogo tu, mlio mtamu mwembamba wa shaba, nao wakadhani ni kifuniko cha chupa. Alipoinua macho, aliona Sajini ameimeza peremende nzima nzima.

"Kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kinafanya nini?"

Hapo ndipo Mama Chiriku alipojishika kichwa. Maana leo ilikuwa Jumanne, na Jumanne nyumbani kwao ni siku ya kuchemsha.

Nieleze, maana si kila msomaji anafukua vyuma. Chuma kilicholala ardhini miaka mingi kimenyonya chumvi, na ukikiweka kabatini hivyo hivyo kinaendelea kuoza. Wafukuaji wanakichemsha kutoa chumvi, wanakikausha juu ya moto kwenye bati, kisha wanakichovya kwenye nta ya mishumaa. Kazi hiyo nyumbani kwa Mama Chiriku ilikuwa ya mama mkwe wake. Bibi huyo alifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji hospitalini, na hakuna kitu duniani alichokiamini kuliko maji yanayochemka na kikaratasi chenye maelekezo. Ulichokiandika kwenye kikaratasi ndicho atakachofanya, hazidishi wala hapunguzi.

"Uliandika nini kwenye karatasi yake?" Baba Chiriku aliuliza.

Mama Chiriku aliyakumbuka maneno yote. Aliyaandika kwa haraka, mkono mmoja una kalamu na mwingine una redio ya mteja. Chemsha. Kausha. Fungua kichwa.

"Dereva, washa gari," Sajini alisema, kisha akamgeukia msimamizi wa bustani, aliyekuwa amefika pamoja na mtunza maua. "Msimamizi, funga lango na usimruhusu hata njiwa. Nyinyi wawili ingieni. Pigeni simu."

Simu iliita. Iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena.

"Hasikii vizuri," Baba Chiriku alisema, akiishika simu kwa mikono miwili. "Na simu anaiweka chini ya mto, eti isichakae."

"Jirani?"

"Yule wa juu ni msusi. Saa hizi yuko saluni kwake."

Gari lilitoka bustanini, likakunja kwenye barabara ya benki, likasimama. Mbele yao kizuizi cha reli kilikuwa kimeshuka, na treni ya mizigo ilikuwa inapita bila haraka yoyote, behewa baada ya behewa, kana kwamba leo ndiyo siku ya kuonyeshwa mji. Dereva alipiga king'ora. Treni haina habari na king'ora. Baba Chiriku alifungua mlango ashuke akimbie, Sajini akamvuta ukosi.

"Kaa. Huo mguu wako hautafika popote. Nisikilizeni sasa, tena vizuri. Kile si pampu. Ni bomu dogo la kurusha, la zamani. Ule mwili wa chuma una baruti, lakini chuma peke yake mnaweza kukigonga na kisiseme neno. Hatari ni kile kichwa cha shaba. Humo ndimo mlimo na kiwashio chake. Kichwa hakiguswi, hakizungushwi, hakipashwi moto. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa."

"Tukifika, hakuna mtu wa kuzima jiko. Hakuna wa kuinua sufuria. Najua mikono itawawasha. Mtoto na bibi watoke, basi. Sufuria ni yangu mimi."

Mama Chiriku alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. 

"Afande, ni mimi," alisema mwishowe. "Mashine ile niliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye mbovu. Bustani imejaa misumari, inakupigia kelele kila hatua, huwezi kufanya kazi. Kwa hiyo niliiziba masikio. Kuna kitufe, ukikizungusha inakuwa haisikii chuma kabisa, inasikia shaba na fedha tu. Chuma kizima cha lile bomu kilikuwa pale chini na mimi nilikwisha kuiambia mashine inyamaze. Ningeiacha wazi ingelia mpaka ningekimbia."

Sajini alimtazama. "Kila mtu anayefukua hufanya hivyo?"

"Kila mtu."

"Basi si wewe peke yako. Futa uso, nakuhitaji."

Ilikuwa kauli ya huruma, na Mama Chiriku alimshukuru moyoni, lakini haikumsaidia. Alikuwa anaona jiko lake. Aliona kile kibao chekundu ambacho Chiriku hupanda ili achungulie sufuriani, na bibi akimwambia shuka, na yeye hashuki. Behewa la mwisho likapita, na kizuizi kikainuka kama mzee anayenyanyuka kitini.

Nyumba yao ilikuwa ya chini katika jengo la ghorofa mbili, mlango wa kijani unaotazama ujia wa pamoja. Sajini aliwasimamisha kwenye kona. Alimtuma dereva awatoe watu wa vyumba vya mbele, akavaa fulana nene ya kinga, akausukuma mlango. Ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Anajifungia?"

"Siku za kuchemsha anajifungia, asije mtu kumpotezea vipimo," Baba Chiriku alisema. Akaanza kuupiga mlango kwa ngumi, na Sajini akamdaka mkono hewani.

"Umeelewa nini garini?"

"Kuna kengele," Mama Chiriku alisema. "Niliifunga mimi. Ukibonyeza hapa taa inawaka jikoni, kwa sababu hasikii kengele ya kawaida." Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, kisha kikasita. "Afande, taa ni umeme. Nikibonyeza, haiwezi..."

"Haina neno. Bonyeza."

Alibonyeza. Nimekwisha kuona watu wakibonyeza kengele za milango maisha yangu yote, sijaona mtu aliyebonyeza akiwa amefumba macho. Hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, na kwa ndani ikawa kimya, hakuna hatua, hakuna kikohozi cha mtoto. Harufu ya maji ya kutu ilikuwa inapita chini ya mlango.

Komeo likateleza. Bibi alisimama mlangoni na aproni yake nyeupe, glavu mikononi, miwani imejaa mvuke. Aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa yule mwenye fulana nene.

"Polisi," alisema kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Mama, toka nje."

"Unasemaje?"

"Toka nje, Mama." Mama Chiriku alimshika mikono yote miwili, akamkaribia ili amsome midomo. "Chiriku yuko wapi?"

"Siwezi kutoka, maji yangu yana dakika nne zimebaki."

Sajini alikuwa amekwisha kuwapita. Walimsikia akitembea ndani kwa hatua laini, kisha akasimama. Mama Chiriku alimvuta mkwewe mpaka ujiani na kumkabidhi kwa mumewe. Hakungoja ruhusa, akaingia. Chumba cha kulala, hakuna mtu, blanketi la Chiriku limetupwa chini. Chini ya kitanda, hakuna. Akafika jikoni.

Sajini alikuwa ameinama juu ya sufuria na tochi ndogo.

"Nilisema mtu asiingie."

"Mwanangu hayumo humu."

"Na bomu halimo," Sajini alisema, akajiinua taratibu. "Kuna bawaba, kijiko kimoja, na sijui hii ni buli. Hakuna kitu kingine."

Kwa kitambo kidogo wanawake wale wawili walitazamana, na kila mmoja alikuwa anatafuta usoni mwa mwenzake sababu ya kufurahi. Halimo jikoni. Basi liko wapi? Mama Chiriku aligeuka, akatoka mbio hadi ujiani.

"Mama, kile kikubwa. Cha kichwa cha shaba. Arobaini na saba."

"Ah, kile," Bibi alisema, akivua miwani kuifuta. "Kile nilikichemsha jana. Mtoto aliniamsha mapema na mafua yake, nikasema nisikae bure. Maji mara tatu, halafu nikakikausha kwenye bati. Kimetoka safi, utapenda."

Sajini, ambaye alikuwa amefika mlangoni, alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. "Alikichemsha," alisema, kama mtu anayejisomea barua. "Mara tatu. Akakianika motoni."

"Leo karatasi inasema fungua kichwa," Bibi aliendelea, hajasikia. "Nimejaribu kwa spana mpaka mkono umeniuma. Hakifunguki. Nikajaribu kukigonga kidogo na nyundo ya nyama."

"Mama." Baba Chiriku alikuwa amekaa chini ukutani. "Mama, basi."

"Basi nini? Mimi sipendi kuacha kazi nusu. Nikatazama kwenye kijikaratasi chake cha namba, chini kabisa pameandikwa cheche, bado. Nikasema si ndiyo hivyo, cheche hazijapimwa. Kule wanapima, na kule kule wanakata, nitamaliza mambo mawili kwa safari moja."

Mama Chiriku alimshika Bibi mabega.

"Umempa nani?"

"Si yule fundi wetu wa kuchomelea, hapo nyuma. Nimekitia kwenye kikapu nimempelekea sasa hivi, nikarudi kwa sababu ya maji yangu. Nimemwambia, anza pembeni upime cheche, halafu ukate hicho kichwa."

"Na Chiriku?"

"Yuko huko huko." Bibi alitabasamu, maana alijua mjukuu wake anavyoipenda kazi ile. "Amekataa kurudi na mimi. Anasema nani atatangaza."

Hapo nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ukuta wa matofali, grenda ikaanza kulia.

Sajini alikwisha kuondoka. Kwa unene wake na fulana ile alikuwa anakimbia ujiani akipiga kelele fundi azime, azime, lakini aliyewahi kusimama karibu na grenda anajua kwamba ukiwa nayo mkononi husikii hata jina lako. Njia ya kufika kwa fundi inazunguka jengo zima, inapita kwenye mapipa ya maji na lango dogo ambalo daima limefungwa kwa waya. Mama Chiriku hakuifuata njia hiyo. Alirudi ndani, akapita sebuleni, akapita jikoni palipokuwa pakichemka, akafika kwenye dirisha lake, lile analoandikia.

Ukuta ulikuwa mita sita mbele yake. Juu ya ukuta cheche zilikuwa zinaruka, za rangi ya chungwa, nyingi, zinapanda na kuanguka upande huu kwenye kamba ya nguo. Hakuwahi katika maisha yake kufurahi hivyo kuona cheche. Chuma, alijiambia. Bado ni chuma. Chuma peke yake hakisemi neno. Alikuwa amekwisha kupandisha mguu mmoja dirishani, akaita jina la fundi, akaita jina la mwanawe, na kelele ya grenda ikayafunika yote mawili.

Kisha cheche zikakoma.

Zilikoma zote kwa pamoja, juu ya ukuta pakabaki anga tupu, na kwa nukta moja Mama Chiriku alifikiri fundi amezima. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu masikio yake, yale masikio ya kazi, yakamwambia kwamba grenda haijazimwa. Ilikuwa bado inalia, ila kwa mlio mwingine, mwembamba, mtamu, ambao yeye kwa miezi miwili alikuwa akiutafuta kwenye nyasi.

Na kutoka nyuma ya ukuta, juu ya mlio ule, ikapanda sauti ndogo iliyokwama kwa mafua, ikimtangazia mama yake kama kawaida ili aandike.

"Ya arobaini na saba, Mama. Cheche hapana."